Kumuaga Mama Umejuaje, Mwalimu Wetu wa Mbinu za Utafiti

Tarehe thelathini ya mwezi huu Mama Umejuaje atarudisha ufunguo wa chumba cha mwisho ghorofa ya pili, kile ambacho mlango wake haufunguki mpaka usukumwe kwa bega, na kustaafu baada ya miaka thelathini na miwili ya kufundisha Misingi ya Utafiti katika Sayansi za Jamii. Jina lake kamili limo katika faili la utumishi. Hapa tutatumia hili alilopewa na wanafunzi, maana ndilo analoligeukia akiitwa.

Tungependa kusema tunamuaga kwa furaha, kama ilivyozoeleka katika kurasa hizi. Lakini yeye mwenyewe alitukataza kuandika sentensi tusiyoweza kuithibitisha. Idara nzima ina majonzi, na tutaeleza kwa nini.

Jina lilianza na kijana mmoja wa mwaka wa kwanza, aliyesimama mbele ya darasa na kusoma matokeo ya utafiti wake kwa sauti ya mtangazaji wa redio: vijana wengi wa siku hizi hawapati kifungua kinywa.

“Umejuaje?” akauliza Mwalimu.

“Nimewahoji.”

“Vijana gani?”

“Wenzangu.”

“Wenzako wa wapi?”

“Wa chumbani kwangu.”

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu hakucheka. Alimwambia akae, kisha akaeleza kwamba chumba kile kina haki ya kuwa na njaa yake, ila hakina haki ya kuwa nchi nzima. Akaendelea na mfano wake wa sufuria, ambao kila aliyepita mikononi mwake anaujua: ukitaka kujua chumvi imekolea vipi, huhitaji kuumaliza mchuzi, kijiko kimoja kinatosha, lakini koroga kwanza. Asiyekoroga ataonja cha juu na kuapa kwamba ameonja chote.

Alikuwa na ugomvi wa miaka na methali moja, ile ya kwamba lisemwalo lipo, kama halipo laja. Mwanafunzi aliyethubutu kuiweka katika pendekezo lake la utafiti alirudishiwa ikiwa imepigwa mstari, na pembeni kumeandikwa kwa kalamu ya risasi: “Lisemwalo limesemwa. Mpaka hapo ndipo tunapojua.” Wazee wa barazani wangemwona mkaidi. Sisi tulimwona hivyo pia, mpaka tulipoanza sisi wenyewe kusahihisha kazi za wanafunzi na kujikuta tunaandika maneno hayohayo.

Kabla ya kuwa mwalimu alikuwa mdadisi wa takwimu za kaya, wale wanaobisha hodi mlango hadi mlango na ubao wa kuandikia kwapani. Alitusimulia nyumba moja ambako baba alijibu maswali yote, ya kwake na ya mkewe. Chakula kinatosha? Kinatosha. Na mama naye? Naye anashiba, tena anasaza. Nyuma ya mabega ya yule baba, mke alikuwa amesimama akitikisa kichwa polepole, kushoto, kulia. Mdadisi wetu alifunga karatasi zake, akaomba maji ya kunywa, akamfuata mama jikoni. Alikaa huko muda mrefu hadi mume akaja kuuliza kama maji yanachimbwa kwanza. Ni hapo, anasema, alipogundua kwamba kazi hii haikai kwenye hojaji. Inakaa kwenye subira ya kungoja mtu apate nafasi ya kusema.

Na subira hiyo alikuwa nayo. Mimi ninayeandika haya nimekaa naye meza kwa meza kwa zaidi ya nusu ya utumishi wake, na kabla ya hapo nilikuwa msaidizi wake katika utafiti. Nimemwona akihoji wauza mitumba, makuli, wakunga, na askari mstaafu aliyekuwa mbishi kuliko mlango wa ofisi yetu. Hakuwa na maneno mengi. Aliuliza, akanyamaza, na ukimya wake ulikuwa wa namna ambayo mtu aliujaza mwenyewe. Aliweza kusikia mtu anapovuta pumzi kabla ya kubadili alichotaka kusema. “Rudi hapo,” angesema kwa upole, “hapo ulipotaka kupita haraka.”

Watu wa nje wanamfahamu zaidi kwa utafiti wa jengo lililoporomoka. Lilikuwa jengo la ghorofa lililokuwa bado linajengwa. Liliwaangukia mafundi na vibarua wakati wa kazi. Idara ilipewa jukumu la kuandika maisha ya familia zilizobaki, na Mama Umejuaje ndiye aliyeongoza. Alihoji wajane, kaka, wachumba. Alihoji pia mama mzazi wa fundi mmoja, mchana mzima hadi jua likazama, ndani ya chumba chenye kitanda cha chuma na kalenda iliyokwisha muda wake. Kulikuwa na jambo lililotokea kati ya mama yule na mwanawe asubuhi ya siku ile, kabla kijana hajatoka kwenda kazini. Mama hakuwahi kumwambia mtu. Alimwambia yeye.

Sisi wa mradi tuliyasikia maneno yale kwenye kanda, na sura nzima ya ripoti ilijengwa juu yake. Hatutayaandika hapa wala kwingine, na msomaji akisoma yanayofuata ataelewa sababu.

Ripoti ilikuwa inakaribia kupelekwa kwa mpiga chapa mama yule alipokuja ofisini, ameandamana na dada yake. Walikaa kwenye benchi la wageni na kukataa chai. Mama Umejuaje alipotoka kuwapokea, mama alisimama.

“Mwanangu, nimekuja kuchukua maneno yangu.”

Mkuu wa idara wa wakati ule, mtu mwema aliyebanwa na wafadhili, alitoka kwenye chumba chake kuokoa jahazi. Alimweleza kwamba jina lake halimo, mtaa haumo, hata kazi ya marehemu imebadilishwa. Hakuna atakayejua ni yeye.

“Mkwe wangu anajua kusoma, baba,” mama akajibu. “Ataijua asubuhi ile. Alikuwepo chumba cha pili.”

Mkuu akamgeukia Mama Umejuaje na macho ya kuomba msaada. Wote tulikuwa tumesimama pale, na kila mmoja alijua uzito wa sura ile. Naye hakuchukua hata muda wa kukohoa. Aliingia ndani, akatoka na kanda, akamwekea mama kiganjani na kumfumba vidole juu yake. Karatasi zilichanwa mbele yake. Mama alizitazama zinavyochanwa, kisha akauliza swali ambalo sikuwahi kulikuta katika kitabu chochote cha maadili ya utafiti.

“Na yaliyomo kichwani mwako je?”

“Hayo, mama yangu, nitazeeka nayo.”

Ripoti ilichelewa, ikatoka ikiwa imekatwa kiungo. Wafadhili wakampa mtu mwingine awamu ya pili. Jopo la kupandisha vyeo lilipokutana, lilisema kazi yake kubwa ina pengo katikati, na uprofesa ukampita kama basi lililojaa. Alipangiwa kuketi kwenye kikao cha kumpongeza aliyeupata. Alifika mapema, akapanga viti, akapiga makofi kwa mikono yote miwili. Miaka yote iliyofuata aliwafundisha wanafunzi kwamba aliyekupa maneno yake anaweza kuyachukua wakati wowote, bila kukupa sababu. Hakuwaambia kamwe kwamba yeye alilipishwa kwa hilo. Walisikia kwetu.

Sasa tufike kwenye sehemu inayotuuma. Tumeiandika kwa ruhusa yake, na kwa ruhusa ya mzee mmoja ambaye mtakutana naye hivi punde. Wote wawili walisoma kwanza.

Miaka michache iliyopita Mama Umejuaje alianza kuwaamuru wanafunzi wakae viti vya mbele. Walidhani ukali umeongezeka. Aliacha kupokea simu ya mezani, tukamtania kwamba amekuwa mheshimiwa. Kwenye vikao aliomba kiti cha pembeni, mgongo ukutani, ambako angeona midomo ya kila mtu. Tuliona yote hayo. Sisi, watu tunaolipwa mshahara kwa kuchunguza wenzetu, hatukuuliza.

Alikwenda mwenyewe hospitali. Daktari wa masikio alimfungia katika kijichumba kisicho na mwangwi, akampa kitufe cha kubonyeza kila anaposikia mlio. Alitusimulia baadaye kwamba alikaa humo akingoja mlio uanze, mpaka mlango ukafunguliwa akaambiwa kipimo kimekwisha. Akacheka kidogo. “Wahenga walimaliza,” akasema, “sikio la kufa halisikii dawa.” Hakuna aliyecheka naye. Alipewa vifaa vya kuvaa masikioni. Vilikuza kila kitu kwa pamoja, kiti kinachoburutwa, karatasi, kikohozi cha dirishani, na katikati ya vurugu hiyo sauti ya mtu ikazama. Alivivaa hata hivyo, akajifunza kubahatisha. Alitazama uso, akakisia neno, akaitikia. Mara nyingi alipatia.

Mwaka jana aliwachukua wanafunzi wa mwaka wa tatu kwa mazoezi ya mahojiano katika nyumba za zamani za wafanyakazi wa reli. Walikuwa wanajifunza maisha ya wazee wanaoishi peke yao. Kwa desturi yake mahojiano ya kwanza huyafanya yeye, wanafunzi wakitazama. Mwenyeji wao alikuwa mzee aliyewahi kuwa mpiga bendera wa stesheni, mrefu, mwenye shati lililopigwa pasi mpaka kola imeng’aa. Chumba kilikuwa kimoja, kimefagiliwa. Nje ukutani kulikuwa na mashine ya kusaga nafaka ya jirani, nayo ilikuwa inafanya kazi.

Mambo yalikwenda vizuri mwanzoni. Mzee alieleza treni za zamani, akaigiza anavyopeperusha bendera, wanafunzi wakafurahi. Kisha Mama Umejuaje akamuuliza alianza lini kuishi peke yake. Mzee akainamisha kichwa. Akasema jambo kwa sauti ya chini, na mwisho wake akaweka tabasamu dogo, lile ambalo mtu huliweka ili mgeni asione haya.

Mama Umejuaje aliliona tabasamu.

“Vizuri sana, mzee wangu,” akamwambia. “Hongera.”

Msichana aliyekuwa ananukuu alisimamisha kalamu. Mzee alitazama viganja vyake, kimoja halafu kingine. Kisha akasema anakwenda kuchota maji, akatoka, ingawa ndoo ilikuwa imejaa pale mlangoni.

Yule msichana ndiye aliyekuwa na moyo. Alimshika Mwalimu mkono, akamtoa hadi barazani, akasimama mbele yake uso kwa uso na kusema taratibu ili midomo yake isomeke.

“Mwalimu, amesema mkewe amefariki. Humo ndani, kwenye kitanda alichokukalisha. Amesema alifariki akiwa amemshika mkono.”

Mama Umejuaje alikaa kwenye ngazi. Wanafunzi walidhani wataondoka, wakaanza kukusanya mikoba. Lakini aliinuka, akaingia tena, na mzee aliporudi alimkuta anamngoja. Alichuchumaa mbele ya kiti chake, mama wa umri ule, ili uso wake uwe chini ya uso wa mzee.

“Mzee wangu, masikio yangu yamekwisha. Ulichoniambia sikukisikia, nami nikakuitikia kama niliyesikia. Uziwi si kosa. Kuitikia ndilo kosa langu. Nisamehe.”

“Kumbe ni hivyo,” mzee akasema. “Nilidhani dunia imebadilika, watu sasa wanapongezana kwa misiba.” Kisha akavuta kiti. “Sogea basi. Nitakuambia tena.”

Akamwambia tena. Lakini mashine ilikuwa inasaga, na mtu wa kusikia alikuwa hasikii, kwa hiyo ilimbidi apaze sauti. Akapiga kelele jinsi mkewe alivyougua. Akapiga kelele jina alilomwita mwisho. Watoto waliokuwa wakicheza uani wakanyamaza. Majirani wakatoka milangoni na kusimama na vitambaa vyao vya vyombo mikononi. Wengi wao hawakuwa wanajua mama wa watu alikufaje. Siku hiyo walijua, kwa sababu mumewe alilazimika kuutangaza msiba wake juu ya kelele za mashine. Alipomaliza alikuwa amekauka koo. Mama Umejuaje alikuwa analia waziwazi, na mzee ndiye aliyempa kitambaa.

Asubuhi ya pili Mama Umejuaje alinikuta mezani kwangu.

“Tunamwendea mtu ili aweze kusema kwa sauti ya chini,” akaniambia. “Anayepiga kelele hahitaji mtafiti, majirani wanatosha. Mimi nimemfanya yule mzee apige kelele.”

Siku hiyohiyo aliijulisha idara kwamba akifika umri wa kustaafu hataomba mkataba wa nyongeza.

Tulimsihi sana. Tulimwambia aache kwenda uwandani, abaki na mihadhara ya nadharia. Huko yeye ndiye anayesema na wengine ndio wanaosikia. Mkuu wa idara wa sasa, ambaye alikuwa mwanafunzi wake, alimfuata hadi nyumbani. Alipokelewa na mume wa Mwalimu, fundi saa, ambaye siku hizi humgusa mkewe begani kabla ya kumsemesha, akakaribishwa chakula, akala, kisha akatoa hoja zake moja baada ya nyingine. Kwamba hakuna wa kumrithi. Kwamba somo litayumba. Kwamba bado anafaa kuliko sisi sote.

“Umejuaje?” akamuuliza.

Mkuu akaanza kurudia hoja ya kwanza.

“Unajua kwamba unanipenda,” Mama Umejuaje akasema. “Hilo nimeliona, na ninashukuru. Lakini usiliandike kwenye safu ya ushahidi. Nitawafundishaje watoto wa watu kusikiliza, mwanangu, nami ninabahatisha?”

Mkuu alirudi ofisini mikono mitupu. Alikaa ndani ya gari kwenye maegesho kwa muda mrefu kabla ya kupanda ngazi.

Muhula huu wa mwisho alifundisha hadi kipindi cha mwisho, hakukosa hata kimoja. Mazoezi ya uwandani alimwachia mwenzetu kijana. Kazi za wanafunzi alizisahihisha zote kwa kalamu ya risasi. Alikwenda kumtembelea yule mzee wa reli mara kadhaa, peke yake, bila hojaji, siku za Jumapili ambazo mashine haisagi. Hatujui walikuwa wanazungumza nini, na hatukuuliza.

Anahamia kwa binti yake. Huko kuna mjukuu ambaye kwa wingi wa maneno yake wamemwita Chiriku. Sauti za watoto ndizo zilizompotea Mama Umejuaje kwanza, nyembamba kuliko masikio yake yanavyoweza kushika. Kuna wakati Chiriku alikuwa akimpigia simu na kumsimulia habari zote za shule, naye anaitikia ndiyo, ndiyo mjukuu wangu, mpaka siku moja mtoto akamrudishia mama yake simu na kusema, “Bibi anasema ndiyo tu.” Simu zikakoma. Wakati huo ndio tuliomwona ofisini akiwa ameketi muda mrefu bila kuwasha taa.

Likizo iliyopita alikwenda kukaa nao. Aliporudi alitueleza, akicheka, kisha hakuweza kuendelea kucheka. Chiriku amepata njia yake. Akiwa na neno, hupanda kwenye mapaja ya bibi yake, humshika kidevu kwa viganja vyote viwili, humgeuza uso mpaka macho yakutane, na kusema, “Bibi, niangalie kwanza.” Hapo ndipo husema. Bibi asipoelewa, mtoto hurudia polepole, wala hapigi kelele.

Mama Umejuaje, wasifu huu tumekupa mapema, umechapwa kwa herufi kubwa, ili uusome kwa utulivu wako. Siku ya sherehe ya kukuaga wasemaji watakuwa wengi na kipaza sauti chetu unaifahamu tabia yake. Watasema unayoyakuta hapa, na mengine ya kutia chumvi. Usihangaike kukisia. Usiitikie kwa kichwa kwa ajili yetu, wala usitabasamu kwa kuwa umeona mtu katabasamu. Umetusikiliza miaka thelathini na miwili; siku hiyo moja kaa tu, tukutazame.

Ahsante kwa maneno ya watu uliyoyatunza, na kwa yale uliyoyarudisha. Maisha yaliyobaki yawe mema kwako na kwa fundi saa wako, yawe marefu, yawe na jua la asubuhi na viti vya karibu. Nenda salama, Mwalimu. Kuna mtoto anakungoja kwenye ngazi za nyumba yao, na ana mengi ya kukuambia.